Gamba la kobe wa mwanangu limelainika: nimpe dawa gani?

*"Daktari, salamu. Mwanangu wa miaka 9 aliletewa kobe mdogo na mjomba wake anayeendesha lori kutoka Moroto. Ana madoadoa ya manjano na meusi, anaenea kwenye kiganja. Huu ni mwezi wa nane tuko naye hapa Jinja. Tunamweka kwenye beseni jikoni, chini ya dirisha ili apate jua, na tunampa posho, mkate wenye maziwa na kabichi. Sasa amekuwa mzito kutembea, anajikokota kwa tumbo, macho yamevimba, na nikimshika naona gamba linabonyea. Jirani anasema ni minyoo, tumchome sindano ya ng'ombe. Mume wangu anataka tumtoboe tundu pembeni mwa gamba tumfunge kamba uani. Mama mkwe anasema kobe hukaa hata miezi bila kula, tumwache. Nyumbani kuna mtoto wa mwaka mmoja pia. Je, nimpe dawa gani?"*

Mama, umeeleza vizuri kiasi kwamba hata bila kumshika naweza kusema tatizo liko wapi. Dawa ya kumpa kutoka dukani hakuna. Anachokosa kobe huyu ni jua, na pamoja na jua anakosa chakula cha kobe. Habari njema ni kwamba mnyama aliyelainika gamba lakini bado anasogea na kula kidogo ana nafasi nzuri ya kupona. Habari isiyo njema ni kwamba hafai kubaki jikoni kwako, kwa sababu za afya yake, za mtoto wako mdogo, na za sheria. Nitafika huko.

Najua utasema: lakini tumemweka dirishani! Hapo ndipo familia nyingi zinapokosea, tena zile zinazojali. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno aina ya UVB, na hiyo ndiyo kobe anayoihitaji. Beseni linapata joto, wewe unaridhika kwamba ameota jua, kumbe kwa upande wa mifupa yake ni kama amekaa kabatini miezi minane. Ni jambo la kusikitisha kidogo, maana hapa tuko karibu na ikweta. Watu wa Ulaya wanaofuga kobe hununua taa maalumu za UVB na kuzibadilisha kila zinapochoka. Sisi jua hilo tunalo bure mlangoni.

Kazi ya mionzi hiyo ni hii. Kwenye ngozi ya kobe kuna kitu cha jamii ya mafuta ambacho UVB ikikigonga hugeuka kuwa vitamini D3. Ini na figo huikamilisha, nayo ikishakamilika ndiyo inayoruhusu utumbo kuchukua kalsiamu kutoka kwenye chakula. Bila D3, hata ukimlisha kalsiamu ya kutosha, nyingi itapita tumboni na kutoka na kinyesi. Mwili lakini hauwezi kuishi bila kalsiamu kwenye damu, kwa sababu moyo na misuli huitegemea. Basi mwili hukopa kutoka ghala lake, yaani mifupa. Hukopa leo, hukopa kesho, na hakuna wa kulipa. Mifupa ya miguu hulegea, taya hulainika hadi kutafuna kunakuwa shida, na gamba, ambalo ni mfupa, huanza kubonyea. Ni ugonjwa wa ukoo mmoja na matege ya watoto.

Chakula mlichompa kimeharakisha mambo. Posho ni ugali wa mahindi, na mahindi yana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, ilhali kobe anayekua anahitaji kalsiamu kama mara mbili ya fosforasi. Posho kila siku ni kumwongezea deni. Kuhusu maziwa, ni kweli yana kalsiamu, ila kobe si mnyama wa kunyonya na tumbo lake halina uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Matokeo yake ni kuharisha. Kabichi haina ubaya ikiwa ni mara mojamoja, lakini ikiwa ndiyo mboga pekee haimtoshi.

Na kwa nini haya yaonekane sasa, si mwezi wa kwanza? Kwa sababu kila kitu ndani ya kobe huenda polepole. Hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi, hulipata kutoka nje, hivyo mwili wake hutumia akiba taratibu. Mbwa aliyelishwa vibaya hivi ungemgundua mapema zaidi. Waswahili wana utani kwamba kobe akiinama anatunga sheria. Wa kwako alipoinama hakuwa anatunga lolote. Alikuwa mgonjwa.

Sasa niwajibu washauri wako watatu, kwa heshima.

Jirani kwanza, kwa sababu ushauri wake unaweza kuua leo. Sindano ya ng'ombe anayoisema, ile inayouzwa karibu kila duka la dawa za mifugo kwa minyoo na kupe, mara nyingi ni ivermectin. Soma jina kwenye chupa. Kwa ng'ombe na mbuzi ni dawa nzuri. Kwa kobe ni sumu: hupoozesha misuli yake, pamoja na ile ya kupumulia. Usikubali achomwe, hata tone, hata akikuambia amepima dozi ndogo. Kobe anaweza kuwa na minyoo kweli, lakini hilo hujulikana kwa kupima kinyesi kwa hadubini, na dawa yake ni nyingine kabisa, inayotolewa na daktari anayewajua wanyama wa aina hii.

Mume wako nadhani anataka kobe apate uhuru wa uani, na nia hiyo naiunga mkono. Lakini gamba si nyumba ambayo kobe ameivaa. Ni sehemu ya mwili: mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, lina damu na lina mishipa ya fahamu. Ukimkwaruza kobe mgongoni anahisi. Kutoboa tundu ni kutoboa mfupa hai bila ganzi, na kwa mfupa uliokwisha kulainika tundu hilo litaingiza vijidudu au kupasuka siku kamba itakaponasa. Kwa sababu hiyohiyo msimpake rangi wala mafuta ya kung'arisha.

Mama mkwe ana ukweli ndani ya maneno yake. Kiangazi cha Karamoja, huko Moroto alikotoka, kikikaza, kobe hujificha kwenye vichaka au mashimo, hupunguza mwendo na kuishi kwa akiba, hata ya maji yaliyo kwenye kibofu. Lakini huyo ni kobe mzima aliyeshiba nyasi msimu wa mvua na kuota jua kila asubuhi. Wa kwenu akiba hana. Kumwacha ni kumngojea afe.

Kabla ya kumpeleka kwa daktari, fanya haya kuanzia leo. Mtoe jikoni. Asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, mweke kwenye maji ya uvuguvugu, ya kupimwa kwa kiwiko kama unavyopima ya kumwogeshea mtoto, yafike chini ya kidevu chake tu, kwa dakika 15 hadi 20. Mwangalie muda wote, maana kobe dhaifu huzama kwenye maji ya kina cha vidole viwili. Utaona ananyoosha shingo, anatumbukiza pua na koo linacheza: anakunywa. Huenda akakojoa, na pamoja na mkojo ukatoka ute mweupe. Ukiwa laini kama dawa ya meno, vizuri. Ukiwa na chembechembe ngumu kama mchanga, amekaukiwa maji sana, na hilo mwambie daktari. Maji hayo yamwage chooni, usiyamwage kwenye sinki la vyombo.

Baada ya maji, jua la moja kwa moja, bila kioo wala plastiki juu yake. Anza na nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, uongeze kila siku. Hapa nisisitize, kwa sababu wapo wanaosoma "jua" wakamuua kobe kwa jua: lazima nusu ya eneo iwe na kivuli anachoweza kukifikia mwenyewe, na asiwekwe juani ndani ya beseni. Beseni juani ni sufuria. Kobe hatoki jasho, na asiye na pa kukimbilia hufa kwa joto haraka kuliko unavyomaliza kufua. Weka uzio wa matofali au mbao kwenye nyasi, mtu akae karibu. Kunguru huwadonoa kobe wadogo, mbwa huwatafuna, na kaloli, yule korongo mkubwa wa majalalani, nisingemwamini hata kidogo. Usiku alale kwenye sanduku kavu lenye nyasi kavu, mahali pasipo na baridi ya sakafu wala siafu.

Macho yafute kwa pamba iliyolowekwa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, mara mbili kwa siku. Usimtilie dawa ya macho ya watu iliyobaki nyumbani, na mtu akikuambia achomwe vitamini A, kataa mpaka daktari aone. Dozi ikizidi, ngozi ya kobe huchubuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Macho yaliyovimba yanaweza kuwa ya kukaukiwa, ya vijidudu au ya lishe, na kwa barua siwezi kutofautisha.

Chakula chake ni nyasi. Nasema hivyo kwa mkazo kwa sababu watu hudhani kobe ni mla mboga za dukani. Huyu wa madoadoa, ambaye wataalamu humwita *Stigmochelys pardalis*, ni mla nyasi kama ng'ombe: porini hula nyasi na magugu, dungusi, matunda yaliyoanguka, na hata hutafuna mifupa mikavu ili apate kalsiamu. Mkatie nyasi changa za uani zisizopuliziwa dawa, machipukizi ya matete, majani na maua ya hibiskasi, majani ya viazi vitamu. Kwa vile taya zake huenda zimelegea, zikate fupi sana. Dodo (mchicha) na sukuma ni kidogo, mara chache. Matunda ni kama sherehe, si kila siku. Nyama, maharage, posho, mkate na maziwa: hapana. Usimpe majani ya muhogo mabichi wala lantana, ule mmea wa ua wenye maua ya rangirangi.

Juu ya nyasi mnyunyizie unga wa kalsiamu. Maganda ya konokono wa ziwani yanayouzwa kwa wafugaji wa kuku wa mayai yanafaa, yakisagwa hadi yawe vumbi. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa yanafaa pia. Chukua kidogo tu kwa ncha za vidole viwili. Ukienda dukani usije ukapewa chokaa ya kupaka nyumba. Ile huunguza mdomo na utumbo.

Nenda kwa daktari siku hiyohiyo, usingoje wiki, ukiona yafuatayo: anapumua mdomo wazi au puani kuna mapovu, miguu inatetemeka au kukakamaa, hawezi kuinua kichwa, kuna nyama nyekundu imetoka chini ya mkia, au gamba linatoa majimaji, damu au harufu. Kutetemeka hasa ni dalili kwamba kalsiamu ya kwenye damu imeshuka mno, na hapo anahitaji kalsiamu ya sindano inayopimwa kwa uzito wake, kazi isiyofanyika nyumbani. Daktari wa mifugo wa wilaya anaweza kukusaidia kwa kuanzia, ila muulize waziwazi kama amewahi kutibu kobe. Asipowahi, akuelekeze kwenye kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Makerere au Kituo cha Elimu ya Wanyamapori kilichoko Entebbe, kile ambacho wengi bado wanakiita zuu. Hata bila dalili hizo, kobe wa gamba linalobonyea anatakiwa aonwe na mtaalamu ndani ya siku chache. Gamba likianza kukaza itachukua miezi, na pale palipokwisha kupinda huenda pakabaki hivyo maisha yake yote.

Sasa sheria. Kobe huyu si wa kununuliwa sokoni kama sungura. Ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, wanyamapori ni mali inayosimamiwa na Serikali kwa niaba ya wananchi. Kumweka nyumbani kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Na kobe wote wa nchi kavu wamo kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, CITES, ambao Uganda iliingia mwaka 1991, kwa sababu biashara ya kuwasafirisha imewapunguza sehemu nyingi. Sikuambii haya kukutisha. Mjomba alitaka kumfurahisha mtoto. Lakini lori likimbeba mmoja leo kwa zawadi, kesho kuna anayengoja kando ya barabara na gunia.

Njia ulizo nazo ni tatu. Ya kwanza ni kuwapigia UWA au kituo cha Entebbe, ueleze alivyokufikia, na umkabidhi. Ndiyo ninayoipendelea. Atatibiwa, na wewe aliyeripoti mwenyewe uko mahali pazuri zaidi kuliko anayegunduliwa. Ya pili ni kuomba kibali na kumjengea ua unaofaa. Inawezekana, lakini jiulize kwa ukweli: huyu wa kiganjani akikua vizuri anaweza kupita kilo 10, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Mwanao atakuwa na wajukuu, kobe bado anadai nyasi. Tena asili yake ni nchi kavu, na mvua za Jinja zitamletea homa ya mapafu asipopata kibanda kikavu. Ya tatu, ambayo wengi huiona kuwa ya huruma, ni kumwachia porini au kumrudisha na lori. Usifanye hivyo. Mgonjwa hatafika mbali, na mzima aliyekaa na watu anaweza kupeleka magonjwa kwa kobe wa huko.

Kuhusu mtoto wako mdogo: kobe, hata akiwa mzima, anaweza kubeba bakteria wa salmonela kwenye kinyesi na kwenye gamba bila kuonyesha dalili. Marekani ilipiga marufuku tangu 1975 kuuza kobe wenye gamba chini ya sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Kwa wa mwaka mmoja, kuhara kwa salmonela si jambo dogo. Beseni la kobe liwe la kobe tu, mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, na sehemu alipokaa jikoni isuguliwe kwa sabuni kisha dawa ya kuua vijidudu. Mdogo akipata homa na kuhara, mpeleke kituo cha afya na uwaambie kwamba nyumbani kulikuwa na kobe. Wasipoambiwa hawatafikiria.

Kijana wa miaka 9 atalia, na usimfanye mkosaji. Mpe kazi: kila asubuhi ampime kobe kwenye mizani ya jikoni juu ya kitambaa, aandike gramu kwenye daftari, na aandike alichokula. Daftari hilo litamfaa daktari kuliko maelezo yangu yote. Akitaka kiumbe wa kumtunza baadaye, aangalie majani ya mlimau au mchungwa. Atakuta viwavi wadogo wanaofanana na mavi ya ndege, weusi wenye weupe. Amchukue mmoja na kijitawi chake, amweke kwenye boksi lenye wavu, ampe majani mabichi ya mti uleule kila siku. Kiwavi atageuka kijani, na akiguswa atatoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali, jambo ambalo watoto hulipenda kupita kiasi. Baada ya wiki chache ni kipepeo mkubwa mweusi na manjano, wa kuachiwa huru. Kinyonga asimlete: hang'ati kwa sumu wala haleti mkosi kama watu wanavyodai, ila nyumbani hudumu muda mfupi sana, naye pia ni mnyamapori. Konokono wakubwa wa bustanini hawafai kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, kwa sababu baadhi hubeba minyoo inayoweza kufika kwenye ubongo.

Siku ya safari, mweke kwenye boksi la karatasi ngumu lenye matundu na taulo kavu chini, bila maji ndani. Kutoka Jinja hadi Kampala ni kama kilomita 80, na Entebbe ni nyingine 40 hivi, kwa hiyo ondoka alfajiri, mpakate kwenye kiti, asiwekwe kwenye buti wala juu ya injini. Boda juani isiwe. Piga simu kabla ya kuondoka ili wakungojee, na uchukue daftari la kijana, sampuli ya kinyesi kwenye kikopo safi, na chupa ya dawa yoyote ambayo jirani tayari amempa, kama amempa.